Nambari Kwanza, Hadithi Baadaye: Kufuatilia Wamiliki wa Bunduki ya Kale Nairobi

Kila bunduki kuukuu inayojitokeza Dagoretti, Kabete au Karen huja na hadithi yake. Ilikuwa ya Lugard. Ilikuwa ya mwindaji Denys Finch Hatton. Guka, yaani babu, aliinyakua kwa mlowezi wakati wa Hali ya Hatari. Hadithi hizo zina utamu, na huenda mojawapo ni kweli, lakini hazikufikishi mbali ukiambiwa uthibitishe. Bunduki ya kiwandani ina jambo ambalo kiti cha kale au saa ya ukutani mara nyingi hukosa: ilipigwa chapa na nambari, na nambari hiyo iliandikwa katika daftari fulani na karani aliyelipwa kuiandika. Mwenye subira anaweza kuanzia kwenye chuma akafika kwa karani, kisha kwa mnunuzi, kisha kwa mrithi, na sehemu kubwa ya utafiti huo ikafanyika kati ya Moi Avenue na Ngong Road. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyerithi bunduki yenye karatasi, uliyekuta isiyo na karatasi, au unayetunza moja katika jumba la makumbusho na huna hakika ya kinachosemwa kwenye lebo.

Sheria, kabla hujagusa chochote

Ukikuta bunduki usiyoijua, usiiguse. Nalisema kwa ukali kwa sababu wapo wanaodhani kutu ni ruhusa. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka anayemiliki bunduki awe na cheti, na siku hizi anayetoa cheti hicho ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Usijifiche nyuma ya neno "ya kale". Mwache afisa mwenye mamlaka aamue kama ni ya kale au la. Ikiwa umeikuta darini mwa nyumba uliyonunua Karen, au imefukuliwa mafundi wakichimba msingi Kangemi, iache ilipo, funga mlango, nenda kituo cha polisi mikono mitupu ukaeleze, na ukiweza enda na wakili. Waombe waje wenyewe kuichukua. Anayeipakia kwenye matatu ya Ngong Road kwa nia njema ya kuisalimisha, akisimamishwa njiani, atabaki na nia njema pamoja na kesi.

Risasi zilizokaa na bunduki hiyo ni hatari kuliko bunduki yenyewe. Shaba iliyoota ukijani na baruti ya miaka sabini hazina tabia ya kutabirika. Usizihesabu, usizitikise, usizipange mezani ili zipendeze pichani.

Polisi wakifika, omba mambo mawili kwa heshima: uruhusiwe kupiga picha alama zote kabla haijaondoka, na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Utafiti wa umiliki huanza na siku bunduki ilipoonekana, na nambari ya OB ndiyo karatasi ya kwanza katika faili lako. Nimeona watu wakikumbuka picha baada ya miezi, wakati silaha imekwisha kuingia ghalani na hakuna afisa aliye tayari kumfungulia raia mlango.

Kama bunduki ina cheti halali na iko kwa mwenye cheti, kazi ni nyepesi. Fundi wa bunduki mwenye leseni aifungue, ahakikishe haina kitu ndani, na ikibidi atoe mbao ili uone sehemu ya chini ya mtutu. Huko ndiko alama muhimu hupenda kujificha.

Kusoma chuma

Utahitaji tochi, rula, simu yenye kamera nzuri, penseli, karatasi nyembamba na daftari. Hutahitaji msasa, brashi ya waya wala vanishi. Anayesugua kutu mpaka chuma king'ae husugua na historia yake pia: alama za ukaguzi huwa hazina kina, na zikishafutika hakuna mtaalamu wa kuzirudisha. Mwanga wa tochi uje kutoka ubavuni, si mbele, ili kila mkwaruzo utupe kivuli. Weka rula katika kila picha. Kisha nakili unachokiona, si unachodhani. Ukishindwa kujua kama ni 5 au S, andika zote mbili.

Tafuta juu ya mtutu, ubavuni mwa chumba cha risasi, kwenye komeo, kwenye bamba la nyuma ya kitako na kwenye kitufe cha shaba kilichopachikwa kwenye mbao, kama kipo. Bunduki za jeshi la Uingereza za aina ya Lee-Enfield huwa na taji upande wa kulia, pale kitako kinapoungana na chuma, na chini yake herufi za mtawala: VR kwa Malkia Victoria hadi 1901, ER kwa Edward hadi 1910, kisha GR. Chini ya herufi hizo huja jina la kiwanda, mwaka na toleo. Alama ya mshale mpana humaanisha mali ya serikali. Mishale miwili ikitazamana ncha kwa ncha, serikali iliiuza. Hiyo alama ya pili ni muhimu kwako, kwa sababu inatofautisha bunduki iliyotoka ghalani kwa risiti na iliyotoka dirishani usiku.

Chapa za ukaguzi zitakuambia mtutu ulijaribiwa wapi: London, ambako chama cha watengeneza bunduki kilipata hati yake mwaka wa 1637, Birmingham, ambako jumba la ukaguzi lilianzishwa kwa sheria ya 1813, au Liège ya Ubelgiji, yenye herufi ELG ndani ya duara refu. Bunduki za Liège zilimwagwa Afrika Mashariki kwa wingi, kwa hiyo ukikuta ELG usirukie kumtafuta mtu mashuhuri.

Nambari zaweza kuwa tatu au nne na zisifanane. Ya mtutu na ya komeo zikipishana, bunduki ilipata kipuri njiani. Nambari fupi iliyochomwa kwenye mbao kwa kawaida ni ya rafu kambini, na karani wa kiwandani hataijua. Ukiwaandikia watengenezaji, wape zote pamoja na picha. Wao ndio wajuao ipi ni yao.

Kipenyo cha risasi nacho ni kalenda ya aina yake. Bunduki iliyoandikwa .375 Holland & Holland haiwezi kuwa ilimpiga ndovu mwaka wa 1905, kwa kuwa risasi hiyo ilitolewa 1912. Ile ya .275 ya Rigby ilianza 1907, na .416 yao ikaja 1911. Hadithi nyingi za ukoo hufa hapa, mchana kweupe, kabla hata hujapanda gari kwenda mjini.

Ilifikaje huku?

Ukishajua aina, unaweza kukisia njia iliyopitia. Hapa ndipo vitongoji vya magharibi mwa Nairobi vina utajiri ambao watu wengi hawaufikirii. Kabla reli haijafika mwaka wa 1899 na kuzaa mji kwenye kinamasi, mpaka wa dola ya Waingereza ulikuwa huku juu. Mwezi wa Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alijenga boma Dagoretti baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa huko. Alipoendelea na safari yake ya Uganda alimwachia George Wilson boma lile. Mapatano hayakudumu. Watu wa Kampuni walipora vyakula na kusumbua vijiji, wenyeji wakakasirika, boma likahamwa na kuteketezwa mwaka uliofuata. Kampuni ikajenga jingine Kabete, likaitwa Fort Smith. Hapo ndipo Waiyaki alipokamatwa Agosti 1892, akasafirishwa kuelekea pwani, akafia njiani Kibwezi.

Misafara ya Kampuni ilibeba zaidi bunduki za Snider, aina iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka wa 1866 na iliyokuwa imeshapitwa na wakati kufikia 1890. Ndiyo maana zilipatikana kwa bei nafuu. Snider utaijua kwa kifuniko kinachofunguka kwa ubavu, kama cha sanduku dogo, na kwa tundu kubwa la .577. Kwa hiyo Snider iliyofukuliwa Kabete au Dagoretti si ya kupuuzwa hata kidogo. Lakini jihadhari na kuruka kutoka "yaweza kuwa" hadi "ni". Bunduki za namna hiyo zilibaki mikononi mwa misafara ya wafanyabiashara na walinzi wa maboma kwa miaka, na zikahama kutoka mkono hadi mkono bila risiti. Halafu jiulize: mmiliki alikuwa nani? Katika vitabu ni Kampuni. Aliyeilalia usiku na kuipaka mafuta ni mpagazi au askari kutoka Mombasa, Unguja au Unyamwezi, ambaye jina lake huenda liliandikwa mara moja tu, siku ya kulipwa. Katika jedwali lako la umiliki weka safu mbili, ya mwenye mali na ya mbebaji. Safu ya pili itakuwa na mapengo mengi, yaache yaonekane.

Martini-Henry, ya 1871, ina wenzo chini unaoshushwa ili kufungua chumba. Hiyo yaweza kuwa ya polisi wa mwanzo au ya mlowezi mwenye mfuko mwembamba. Ukikuta "Mod. 71" na jina la Spandau, Amberg au Danzig, ni Mauser ya Kijerumani, na njia ya kawaida ya kufika Nairobi ilikuwa vita vya 1914 hadi 1918, ambapo askari wengi wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck walianza vita na silaha hizo za baruti yenye moshi mwingi. Jina la St. Étienne pamoja na mwaka 1874 hukupeleka kaskazini: ni bunduki ya Gras ya Wafaransa, iliyoingia kwa maelfu Ethiopia na kuteremka hadi Turkana na nchi za mpakani. Ikiwa familia ya jirani yako Kawangware ilitoka Lodwar au Moyale, usishangae.

Na ukikuta mtutu wa bomba la maji, komeo la mlango na mipira iliyokatwa kutoka tairi la ndani la gari, usiitupe kwa kuwa ina sura mbaya. Hiyo yaelekea ilitengenezwa na wapiganaji wa Mau Mau au mafundi wao wa siri, wengine wao wa hapa hapa Nairobi. Haina nambari wala karani. Kwa maoni yangu, kwa historia ya nchi hii ina thamani kuliko bunduki kumi za London zenye nakshi, na ndiyo inayohitaji kushughulikiwa upesi kuliko zote, kwa sababu wanaojua nani aliitengeneza wamebaki wachache.

Karatasi za katikati ya jiji

Anzia Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katika jengo la zamani la Benki ya India kwenye Moi Avenue, pale ambapo nusu ya Nairobi hupanga kukutana na nusu nyingine. Watu wengi huishia ghorofa ya chini kutazama mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi. Wewe panda kwenye chumba cha kusomea, ukiwa na kitambulisho, na uulizie masharti ya siku hiyo. Usimwambie karani "natafuta bunduki." Mwambie unatafuta ripoti za wilaya, mafaili ya Idara ya Wanyamapori na mafaili ya mirathi ya watu waliofariki bila kuacha msimamizi. Haya ya mwisho ndiyo hazina. Mlowezi alipofariki, mali yake iliorodheshwa kitu kwa kitu, kuanzia vijiko hadi farasi, na bunduki haikusahaulika kwa kuwa ilikuwa na bei na leseni. Mara nyingi orodha hutaja mtengenezaji na kipenyo. Ukiwa na bahati, na nambari. Kwa Dagoretti na Kabete ya enzi hizo omba mafaili yanayoanza na DC/KBU, yaani wilaya ya Kiambu, kwa maana mipaka ya zamani haikufuata kaunti za leo.

Ukikuta pengo kubwa katika karatasi za kabla ya 1939, sababu moja ni moto uliounguza Sekretarieti ya Nairobi mwaka huo. Nakala za barua zilizotumwa London zilisalimika katika mfululizo wa CO 533 kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza huko Kew. Vilevile mafaili ambayo Waingereza waliondoka nayo wakati wa uhuru na kuyaficha kwa nusu karne sasa yako wazi chini ya FCO 141. Yalitoka mafichoni baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki serikali ya Uingereza.

Kisha Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza kuchapishwa mwaka wa 1899, na matoleo yake mengi yamewekwa kwenye intaneti, kwa hiyo hatua hii unaweza kuifanya ukiwa nyumbani. Katika miaka ya mwanzo lilichapisha majina ya waliopewa leseni za kuwinda. Halitakupa nambari ya bunduki, ila litakuambia kama mtu fulani alikuwa nchini mwaka fulani na alikuwa na ruhusa ya kuwinda. Ikiwa hadithi yasema bwana yule aliwinda Athi mwaka wa 1908 na jina lake haliko kwenye leseni, wala kwenye matangazo ya mirathi, wala kwenye orodha za wapiga kura, anza kuwa na shaka.

Kutoka hapo tembea hadi Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia, kwenye Maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya Sir Northrup McMillan, mlowezi tajiri mwenye shamba la Juja ambaye mwaka wa 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt katika safari yake ya kuwinda. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Leo ni mali ya kaunti, na ina magazeti ya kale ambayo utayahitaji. East African Standard lilianzia Mombasa mwaka wa 1902 na kuhamia Nairobi 1910, na kurasa zake za matangazo ni ramani ya biashara ya silaha: minada ya mashamba, mauzo ya walowezi wanaorudi kwao, na maduka ya bunduki ya mjini. Tafuta majina kama Charles Heyer, Shaw & Hunter na May. Maduka haya yaliagiza bunduki Uingereza na baadhi yalipiga jina lao juu ya mtutu. Jina la duka la Nairobi likiwa limechapwa pamoja na la mtengenezaji, una habari njema: bunduki iliuzwa mara ya kwanza hapa hapa, na kumbukumbu za mtengenezaji zitamtaja mwenye duka, si mwindaji. Hapo ndipo tangazo la gazeti na orodha ya mirathi huziba pengo.

Barua ya London

Kampuni kadhaa za Uingereza bado zina madaftari yao ya kale na hujibu barua kwa ada: Rigby, Holland & Holland, Westley Richards. Andika nambari, kipenyo, ambatisha picha, na uulize mambo matatu: iliagizwa na nani, lini, na ilitoka kiwandani ikiwa na umbo gani. Swali la tatu husahaulika, nalo ndilo litakalokuonyesha kama mtutu ulikatwa au kitako kilibadilishwa baadaye. Kama wewe si mwenye cheti, mwache mwenye cheti au taasisi iandike.

Mfano mzuri wa mnyororo uliokamilika unapita Nairobi. W.D.M. Bell, Mskochi aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, alijulikana kwa kutumia bunduki ndogo ya .275 kutoka Rigby wakati wenzake walibeba mizinga. Alifariki 1954. Mojawapo ya bunduki zake iliuzwa kupitia Westley Richards, ikanunuliwa na mwandishi Mmarekani Robert Ruark, ambaye vitabu vyake kuhusu Kenya viliuzwa sana miaka ya 1950. Ruark akamzawadia mtoto wa Harry Selby, mwindaji wa kulipwa wa Nairobi aliyekuwa amemwongoza porini. Miaka mingi baadaye kampuni ya Rigby yenyewe ikaipata tena. Angalia kinachoushikilia mnyororo huo: daftari la kiwanda linalomtaja Bell mwanzoni, na kila aliyefuata akiwa mtu ambaye maandishi ya wakati wake yanamtaja. Tena Bell aliagiza bunduki za namna hiyo zaidi ya moja. Kusema tu "ni bunduki ya Bell" hakutoshi. Lazima useme ni ipi.

Selby mwenyewe ana kisa kingine kinachofaa kukumbukwa. Bunduki yake ya mitutu miwili ilikanyagwa na gari porini, akaja mjini kutafuta nyingine, na kitu kilichokuwepo katika duka la May ni Rigby ya .416. Akaichukua kwa sababu ya shida, akaitumia kwa miongo. Bunduki nyingi zilipata wenyewe kwa njia hiyo, kwa ajali na kwa kilichobaki kwenye rafu. Ukikutana na maelezo yasemayo mwindaji "alichagua" silaha fulani kwa hekima kuu, tafuta kwanza kama kulikuwa na nyingine ya kuchagua.

Kuwauliza wazee

Karatasi za Nairobi ya ukoloni ni karatasi za wazungu na kwa sehemu za Wahindi. Mwafrika huonekana humo kama mbeba bunduki, askari, au mshtakiwa. Kwa hiyo itakubidi kukaa na wazee, na kuna namna ya kukaa nao.

Elewa kwanza kwa nini watanyamaza. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, kumiliki silaha au hata risasi bila kibali kukawa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipohukumiwa, shtaka lilikuwa bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Familia iliyoficha bunduki Kikuyu au Dagoretti miaka hiyo haikuiandika popote, na iliwafunza watoto kutoitaja. Upande wa pili, kuna familia zilizopewa bunduki kama walinzi wa upande wa serikali, na hilo nalo si jambo linalosemwa kwa sauti kwenye mazishi. Ukiingia na swali "bunduki hii mliipataje?", umekwisha kufunga mlango.

Msalimie guka kama guka, shosho kama shosho. Usipeleke picha ya bunduki siku ya kwanza. Uliza kuhusu nyumba: ilijengwa lini, nani alilala chumba kipi, nani alikamatwa, kijiji kilihamishwa lini. Mtu anayekumbuka mwaka wa kuhamishwa hukupa tarehe bila kujua amekupa. Andika jina la aliyesema, uhusiano wake na mwenye bunduki, na kama aliona kwa macho au alisimuliwa. Ukirekodi, omba ruhusa, na umwachie nakala. Wazee wawili wa ukoo mmoja wakisema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, hao ni shahidi mmoja. Mtafute wa tatu kutoka kwa majirani au wakwe.

Wapo pia waliofanya kazi katika nyumba za Karen na Lang'ata: wapishi, madereva, watunza bustani, wabeba bunduki wa kampuni za safari. Wao ndio wanaojua yaliyotokea baada ya Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Kwa usiku mmoja bunduki kubwa zikakosa kazi. Nyingine zilivuka mpaka kwenda Tanzania pamoja na wenyewe, nyingine zikauzwa ng'ambo, nyingine zikasalimishwa, nyingine zikabaki kabatini mpaka mwenyewe alipofariki na watoto wako Australia. Ikiwa mnyororo wako unakatika ghafla, tazama kwanza mwaka huo.

Lebo zinazodanganya

Nenda siku moja katika Makumbusho ya Karen Blixen, nyumba aliyoishi Mdenmarki huyo kuanzia 1917 hadi 1931. Ni mahali pazuri pa kujifunza uangalifu. Ndani mna samani zilizokuwa zake kweli, na mna vitu vilivyotumika katika filamu ya 1985 kuhusu maisha yake kisha vikatolewa kwa makumbusho. Vyote ni vya kale machoni. Muulize mwongoza wageni kipi ni kipi, atakuambia bila kusita, lakini asiyeuliza hutoka akiapa ameona kila kitu alichokigusa Finch Hatton.

Kuna udanganyifu mbaya zaidi. Richard Meinertzhagen, ofisa wa Uingereza aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka wa 1905 walipokutana kwa mazungumzo ya amani, aliacha shajara nyingi na mkusanyiko mkubwa wa ndege waliokaushwa. Wanasayansi walipokuja kuwachunguza ndege hao waligundua kwamba baadhi walikuwa wameibwa kutoka makusanyo mengine na kubandikwa lebo mpya zenye mahali na tarehe za uongo. Kwa hiyo kitu kilicho na lebo iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mashuhuri kinahitaji kuthibitishwa sawa na kile kisicho na lebo kabisa. Bakora za Koitalel, kwa upande mwingine, zilirudi kwa Wanandi mwaka wa 2006 kwa sababu njia yake kutoka mkono wa Koitalel hadi nyumba ya Uingereza ilifahamika na haikubishaniwa.

Katika jedwali lako, basi, pima kila kiungo. Karatasi ya wakati huo yenye nambari ya bunduki ndiyo ya juu. Karatasi isiyo na nambari inafuata. Picha inafuata, kama alama inaonekana. Masimulizi ya aliyeona, halafu ya aliyesimuliwa. Jina la kuchongwa kwenye kitako liweke chini kabisa, kwa sababu kisu na saa moja ya mchana vinatosha kumfanya mtu yeyote kuwa Delamere, yule mlowezi mashuhuri.

Ukishamaliza

Unaweza kubaki nayo kwa cheti, kuiuza kwa mwenye cheti kupitia mfanyabiashara aliyesajiliwa, au kuipeleka Makavazi ya Kitaifa. Ukifikiria kuitoa nchini, soma kwanza Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki bila kibali. Snider ya Dagoretti ikithibitika inaangukia humo. Utaona sasa kwamba utafiti wako unaweza kukunyima soko la London. Usiufiche kwa ajili hiyo.

Ukiitoa kwa makavazi, wape faili lote pamoja na kanda za wazee na yale mapengo, na uandike wazi ni yapi yaliyothibitishwa na yapi ni ya kusikia. Omba barua ya kupokea yenye tarehe, jina na cheo cha aliyepokea, na nambari ya bunduki yenyewe, wala si "bunduki moja kuukuu". Kabla hujatia saini, isome nambari hiyo tarakimu moja moja ukilinganisha na daftari lako, na wakikosea, waombe waandike upya.